Ngoma ya Joka Asiyejua Kuruka

10 Juni

Redio imetangaza asubuhi kwamba msimu wa mvua umeingia rasmi. Asante kwa taarifa. Nguo zangu zinaning'inia sebuleni tangu Jumamosi na hazina dalili ya kukauka.

Saluni yangu imejaa, maana unyevu huu hauachi kichwa cha mtu salama. Ikuko wa duka la tofu, lile jibini la soya, ameingia nywele zimemvimba kama kichaka kilichopekuliwa na kuku. "Chizuru, shoga yangu, niokoe. Mume wangu amenitazama asubuhi akacheka, na yeye mwenyewe hana hata unywele mmoja."

Binti yangu Suzuna ameondoka kwenda shule akiimba. Kuanzia anapopiga mswaki mpaka anapofunga viatu, ni nyimbo za Ufalme wa Vimulimuli tu. Hao ni wanamuziki wanne wanaovaa kama watu waliotoroka kwenye hekaya: mmoja joho la mchawi, mmoja pembe za kulungu, na mpiga kodiani wao hajawahi kuvua kinyago chake cha mbweha. Wanaimba habari za majoka, saa zinazorudi nyuma, na treni inayopita chini ya bahari. Baba, yaani baba mkwe wangu, anaziita kelele za sarakasi. Mimi nanyamaza. Ukweli ni kwamba nazijua zote kwa moyo, na ile ya treni hunitoa machozi nikiwa nafua taulo.

12 Juni

Mvua. Baba ameleta ndoo mbili za plamu mbichi. Tumezitia chumvi. Hatukuongea mengi, lakini ilikuwa kazi nzuri.

15 Juni

Leo kulikuwa na mkutano wa chama cha mtaa, na nyumba yetu imepata mgogoro wake wa mwaka.

Mwenyekiti wetu, Bwana Hasebe mwenye duka la pombe ya sake, alisimama akajifuta jasho. Alisema ngoma yetu ya Bon, ile ya kukaribisha roho za wazee wetu kila Agosti, inakufa. Mwaka jana waliokuja kucheza ni wazee na mbu. Wakubwa wa manispaa wanapendekeza tuache ya kwetu, twende kucheza kwenye sherehe kubwa ya mjini, penye maegesho ya magari. "Kwa hiyo," akasema, "ama tubuni kitu cha kuwaleta vijana, ama huu uwe mwaka wa mwisho. Mimi sina maneno mengine."

Suzuna alinyoosha mkono. Sikujua kama angesema. Alisema tuongeze wimbo mmoja wa Ufalme wa Vimulimuli, ule wa "Joka Asiyejua Kuruka". Joka wa wimbo huo amezaliwa na mabawa mabovu, basi anashuka kwa miguu kutoka mlimani hadi baharini, na kila kijiji anachopita watu wanatoka na kutembea naye. "Ni wimbo wa kutembea," Suzuna akasema, "na ngoma ya Bon si ni kutembea kwa kuzunguka? Mimi na wenzangu tumeshabuni miondoko. Babu atapiga ngoma."

Watu wote wakamgeukia Baba. Tangu kabla sijaolewa hapa, Baba ndiye anayepanda kwenye mnara wa mbao katikati ya uwanja na kupiga ile ngoma kubwa. Bila yeye, Marumo Tokuji, hakuna Bon mtaani kwetu. Kila mtu anajua.

Baba akainuka. "Mimi siwapigii majoka," akasema, akachukua mwavuli wake akatoka.

Wimbo ulipitishwa hata hivyo. Bwana Hasebe alisema kama Tokuji hataki, tutatumia ngoma za kwenye rekodi. Suzuna alirudi nyumbani mbele yangu, hakufungua mwavuli.

16 Juni

Baba hasemi na Suzuna. Suzuna hasemi na Baba. Mvua inasema peke yake.

22 Juni

Shunsaku, mume wangu, amekuja kutoka Nagoya, anakofanya kazi, kwa wikendi. Nilimweleza yote. Akacheka. "Baba ni Baba. Ukimsukuma anageuka mwamba. Muache." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa unapanda treni Jumapili jioni.

Kwenye chakula nimeona jambo jingine la kuudhi. Baba hainui bakuli tena. Analiacha mezani, anainamia, anakula kama mtu anayekunywa mtoni. Huyu ndiye aliyemkaripia Suzuna miaka yote: shika bakuli, wewe si paka! Nimejiambia ni kiburi cha uzee. Amekasirika na dunia, basi ameamua asiwe na adabu nayo.

27 Juni

Maua ya hidrenjia ya nyuma ya kituo cha treni yamekuwa ya buluu kabisa. Nimenunua soksi.

3 Julai

Mazoezi ya ngoma yameanza katika kituo cha mtaa. Nilidhani watakuja watoto watano. Waliokuja walijaza ukumbi mpaka viatu vikafika barabarani.

Na sasa ugonjwa umeingia saluni kwangu. Bibi Kinoe, mwenye miaka themanini na ushee, alikaa chini ya kikaushio akiimba kwa sauti ya juu kwa sababu haisikii sauti yake mwenyewe: "Sina mabawa, nina njia!" Mwenzake wa kiti cha pili akamdakia. Ikuko akapiga makofi na sega langu.

"Bibi, umejifunzia wapi?"

"Dukani wanaupiga kila siku karibu na friji ya samaki. Mimi hununua samaki polepole."

Baba alikuwa anapita mlangoni na gazeti. Alisimama kidogo. Nilimwona kwenye kioo. Kisha akaenda zake.

7 Julai

Tanabata, sikukuu ya nyota. Mawingu tele, hakuna nyota hata ya dawa. Suzuna ametundika ombi lake kwenye mwanzi. Nilimpa Baba karatasi, akasema, "Nyota zenyewe hazionekani, nimwandikie nani?"

11 Julai

Leo naandika mengi, maana nimemwona mtu ambaye nimeishi naye miaka mingi bila kumwona.

Mvua ya asubuhi ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Mteja wa saa nne alipiga simu kuahirisha, na paa la saluni likaanza kuvuja juu ya kiti cha wateja. Nikakimbilia ghala la nyuma kutafuta karai. Ghala hilo ndilo lililokuwa karakana ya Baba alipokuwa fundi wa mikeka ya tatami. Siku hizi limejaa mikeka mizee na vumbi.

Kabla sijafungua mlango nikasikia muziki, mdogo kama wa mbu. Ulikuwa ule wimbo wa joka. Na juu yake kulikuwa na kishindo kizito, kisichovuma, kama mtu anapigapiga godoro.

Nilisogeza mlango. Baba alikuwa ameegemeza mkeka mzee ukutani na anaupiga kwa mikwiro yake ya ngoma. Spika ya zamani ya Suzuna ilikuwa kwenye rafu. Mkono wa kulia ulikwenda kama kawaida, mwepesi, mzuri. Lakini kiitikio kilipofika, pale ngoma inapotaka mapigo mawili ya haraka ya kushoto, mkono wa kushoto ulichelewa. Ulichelewa tena. Mara ya tatu mkwiro ukamtoka, ukaruka mpaka miguuni kwangu.

Nikauokota.

"Umesimama hapo tangu lini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Sasa hivi tu, Baba. Natafuta karai."

"Karai liko nyuma ya mlango."

Sikuchukua karai. Nilikumbuka mwezi Machi, alipopata kiharusi kidogo, daktari alisema amepona vizuri, na yeye akarudi nyumbani akitembea mwenyewe, akakataa hata kubebewa mfuko. Nilikumbuka pia bakuli linaloachwa mezani. Nikaona haya, haya ya kweli, usoni mpaka shingoni.

"Ni mkono huo," nikasema.

"Asubuhi unanisikia. Mchana unanidharau. Jioni haupo." Akakaa juu ya mkeka. "Nyimbo za zamani naweza kuzidanganya. Nazijua, najua pa kuficha. Huu siwezi kuudanganya. Una mapigo yake ya kushoto, unayadai."

"Kwa hiyo si majoka."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Majoka yana kosa gani? Nimeusikiliza huu wimbo wiki tatu humu ndani. Ni mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa mbaya ningelala usingizi wangu."

Nikacheka kabla sijajizuia. Naye akacheka kidogo, puani.

"Usimwambie mtoto," akasema. "Acha anione mkaidi. Ukaidi ameuzoea."

Sijui maneno yaliyofuata yalitoka wapi. Ile ngoma ya mnarani imelazwa ubavu juu ya miguu yake, ina nyuso mbili, huku na huku, na miaka yote Baba hupiga upande mmoja tu, peke yake. Nikasema, "Upande wa pili hauna mtu. Nikisimama mimi pale nikapiga pigo la chini, wewe ukabaki na wimbo wa juu kwa mkono wa kulia?"

"Wewe?"

"Mimi."

"Mikono yako ni ya mkasi."

"Mkasi pia una mapigo, Baba."

Akaitazama mikono yangu. Mvua ikawa inapiga bati kuliko sisi wote. Kisha akanisogezea mkwiro wa pili kwa mguu. "Simama sawa. Si hivyo. Unasimama kama mtu anayesubiri kulipia mboga."

Maji yamejaa sakafu nzima ya saluni. Sikujali.

12 Julai

Siwezi kuinua mikono. Nimemnyoa Bibi Kinoe kisogo upande mmoja chini kuliko mwingine. Amesema ni mtindo mpya.

16 Julai

Tunafanya mazoezi Suzuna akiwa shuleni, na saluni naandika "Mapumziko mafupi" mlangoni. Kazi yangu ni ndu-ku, ndu-ku, ndu-ku, ndu-ku, bila kukoma, kama moyo. Inaonekana rahisi mpaka Baba anapoanza kucheza juu yake, hapo masikio yangu yanamfuata na mikono yangu inaachwa njiani kama mzigo.

"Usinisikilize mimi!"

"Nitapigaje pamoja nawe bila kukusikiliza?"

"Sikiliza miguu ya wachezaji. Mimi ni nzi tu. Nzi anaruka juu ya ng'ombe, ng'ombe hamfuati."

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe."

"Ng'ombe mzuri ni mali."

Ni mwalimu mbaya. Hana subira, hasifu, anarudia mambo. Na bado, ndani ya lile ghala linalonuka nyasi na ukungu, nimegundua kwamba nangoja saa hiyo ifike. Leo aliniuliza kama wana nyimbo nyingine. Nikampigia ile ya treni ya chini ya bahari. Akasikiliza amefumba macho mpaka mwisho. "Huyu mwenye kinyago," akasema, "anajua anachofanya na hicho kinanda." Kwa Baba hiyo ni sifa ya kuandikwa kwenye jiwe.

21 Julai

Mvua imekwisha. Jua limetoka kama mtu aliyekuwa gerezani. Tumeanika plamu kwenye nyungo za mianzi nyuma ya nyumba, nyekundu kote. Nyenje wameanza kelele. Shule zimefungwa.

28 Julai

Joto. Mwenyekiti Hasebe amekuja kukata nywele. Amesema rekodi ya ngoma iko tayari na fundi wa vipaza sauti ameshapatikana. "Mwambie mzee asikasirike, tutamwekea kiti mbele." Nikaendelea kukata nywele. Baba bado hajakubali kupanda mnarani. Kila nikimuuliza anasema, "Tutaona." Naona anaogopa, na nimeanza kuogopa pamoja naye.

2 Agosti

Chakula cha jioni. Tambi baridi na samaki wa ayu wa kuchoma, Shunsaku alikuwepo. Ilianza kwa jambo dogo. Suzuna alisema wasichana wa mtaa wa pili nao watakuja kucheza, na mmoja amemuuliza kwa nini babu wa Suzuna hapigi.

"Umemjibu nini?" Shunsaku akauliza.

"Nimesema Babu anaona haya kuonekana na sisi." Akaweka vijiti chini. "Si ni kweli? Miaka yote nimekaa chini ya ule mnara nikikutazama, Babu. Nilipendekeza ule wimbo kwa sababu yako. Nilifikiri, Babu akiupiga, utakuwa mkubwa. Ukasimama mbele ya watu wote ukautemea mate."

"Suzuna!" Shunsaku akasema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeahidi, lakini nilifungua. Baba akanizuia kwa jicho tu. Kisha akalaza mkono wake wa kulia mapajani, kama mtu anayemwambia mbwa akae, na akapeleka wa kushoto kwenye bakuli la mchuzi.

Akaliinua.

Lilipanda kidogo. Likaanza kutetemeka, mchuzi ukimwagika ukingoni, tone, tone. Akalishikilia. Uso wake ulikuwa mwekundu. Likafika usawa wa kifua, kisha vidole vikaachia, bakuli likaanguka, likabiringika mpaka kwa Suzuna.

"Si joka ninayemkataa," Baba akasema. "Ni hivi tu."

Suzuna alitazama mchuzi ukitiririka kwenye magoti yake na hakuufuta. Shunsaku aligeukia dirishani. Mtoto wake wa kiume, na hakuwa ameona. Hata mimi ninayepika sikuwa nimeona.

"Kwa nini hukusema?" Suzuna akauliza, sauti imekuwa ya mtoto mdogo.

"Ungesema wewe?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi. Damu hiyo." Kisha akanielekeza kidole. "Halafu mama yako ananifundisha kuwa nzi. Muulize."

Ikabidi nieleze. Nilipofika kwenye habari ya ng'ombe Suzuna alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, pua inamtoka. Akatulazimisha kwenda ghalani hapo hapo, wote wanne, Shunsaku akiwa na kitambaa cha meza mkononi. Tulipiga wimbo mzima. Kiitikio kilipofika Suzuna alianza kucheza kati ya mikeka, na vumbi likapanda kama moshi.

"Haya," Baba akasema mwishoni, akihema. "Mwambieni Hasebe aitupe rekodi yake."

9 Agosti

Malengelenge ya viganjani yamepasuka. Ikuko amenifunga bandeji na kuniletea tofu baridi ya bure. Furaha tupu.

12 Agosti

Kimbunga kinapita mbali, baharini. Tumeosha makaburi, tumepanga maua.

14 Agosti

Mikono yangu haishiki kalamu vizuri, lakini nikingoja kesho nitasahau harufu.

Harufu ya moshi wa kufukuzia mbu, mchuzi wa soya kwenye mahindi ya kuchoma, na mbao mpya za mnara. Jua lilikuwa halijazama vizuri na uwanja ulishajaa. Wazee wamevaa kanzu zao za yukata, watoto wamevaa pembe za kulungu za karatasi, na Bibi Kinoe alikuwa amevaa vyote viwili. Bwana Hasebe alizungukazunguka akisema "Jamani, jamani," kama mtu aliyepoteza kitu, kumbe amekipata.

Nilipanda ngazi nyuma ya Baba. Juu ni padogo. Ngoma iko katikati na hatuonani ila vichwa.

Zile za zamani zilikwenda vizuri. Nilisikiliza miguu, kama alivyonifundisha: mamia ya nyayo juu ya mchanga, shwa, shwa, shwa. Kisha taa zikapunguzwa, kodiani ikaanza kwenye vipaza sauti, na chini yetu ukapigwa ukelele ambao sijawahi kuusikia mtaani kwetu. Mduara mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu.

Ndu-ku, ndu-ku. Baba aliingia juu yangu. Sikumsikiliza. Lakini kiitikio cha kwanza kilipofika niliona kichwa chake kimetupwa nyuma, anacheka, anacheka kabisa na meno yake ya bandia, nikasahau kuwa mimi ni ng'ombe. Nikamtazama. Mkono wangu ukakosa. Pigo moja likamezwa. Pakawa na shimo katikati ya ngoma.

Chini, uwanja mzima ulikuwa umeinua mguu wa kulia ukingoja pigo la kuuteremsha. Pigo halikuja. Miguu yote ikabaki hewani. Sekunde moja tu, lakini niliiona yote, ya wazee na ya watoto, imening'inia. Kisha pigo lililofuata likaja na ikashuka pamoja, kishindo kimoja, na kicheko kikapanda mpaka juu kwetu.

Nilitaka kuruka kutoka mnarani. Nikamtazama Baba nikingoja karipio. Hakukaripia. Kiitikio cha pili kilipokaribia aliinua mkwiro juu ya ngoma ili niuone, na pale pale nilipokosea akausimamisha hewani. Nikaelewa. Nikanyamaza naye. Miguu ikaning'inia, ikashuka, ndu! Safari hii hakuna aliyeshtuka. Mara ya tatu walikuwa wanatungoja wao.

Tuliurudia wimbo huo mpaka Bwana Hasebe alipoishiwa sauti ya kutuomba tuache. Suzuna alikuwa mbele ya mduara wa ndani. Kila alipopita chini yetu alimpigia Baba saluti.

15 Agosti

Nimefungua saluni kwa kuchelewa. Nilikuwa nimemkalisha Baba kitini namkata nywele, Ikuko na Bibi Kinoe wakaingia hata bila miadi, wanataka kuzungumza tu. Hasebe ameshasema mwakani siku mbili badala ya moja.

"Lakini pale," Ikuko akasema, "pale ngoma inaponyamaza na mguu unabaki juu! Mwili wote ulinisisimka. Kama joka mwenyewe anachechemea. Nani alibuni?"

"Kusema kweli," nikaanza, "pale mimi nili..."

"Tulihangaika napo sana," Baba akadakia, amefumba macho chini ya kitambaa, mtulivu kama jiwe la bustani. "Mkwe wangu na mimi. Si kitu cha kuzuka tu."

"Inaonekana," Bibi Kinoe akasema kwa heshima. "Vitu kama hivyo vinataka muda."

Walipoondoka nilipangusa nywele shingoni kwake. Nje watoto wawili walikuwa wanapita na mifuko ya barafu, wanatembea kwa kuchechemea, mguu juu, kimya, chini.

"Baba, umewadanganya," nikasema. "Usijali. Mwakani nitajitahidi nilipige lile pigo sawasawa."

Akafumbua macho, akanigeukia na kiti chake kizima, kitambaa kikaanguka.

"Thubutu uone!" akasema.